Mhariri, msamaha wangu ulichukua karibu mwaka na nusu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua nafasi yenyewe ni ndogo na mimi nina maneno mengi, ukiona inafaa kukata kata tu, ila naomba usikate pale kwenye Baba Yetu maana ndipo lilipo jambo lenyewe.

Wiki chache zilizopita kuna msomaji mwenzetu aliandika hapa kwamba mkristo anayeshindwa kusamehe hana imani, kwamba msamaha ni kuamua tu, unaamua asubuhi na jioni umeshamaliza. Gazeti hilo lilinifikia limefungia kitambaa cha mteja, mi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa Mbeya, nikalikunjua nikasoma nikiwa nimesimama, alafu nikakaa chini nikasoma tena. Simjui huyo ndugu na sina ugomvi nae, inawezekana kabisa aliandika kwa nia njema, lakini maneno yale yale niliambiwa na watu wa kanisani kwangu mwaka 2022 na nusura yaniondoe kanisani. Kwa hiyo nimeona nisinyamaze, kwa sababu najua kuna mama mwingine huko aliko kayasoma na kajiona hana Mungu.

Mimi ni Moravian wa kuzaliwa, bibi yangu alibatizwa kule Rungwe ambako wamisionari wa kwanza wa Moravian walifika mwaka 1891, kwa hiyo kwetu kanisa ni kama nyumbani. Kwenye kwaya nilikuwa na mwenzangu, sauti ya pili kama mimi, mdogo wangu kwa miaka sita hivi, ananiita dada na mimi namwita mdogo wangu na wengi walidhani kweli tumezaliwa tumbo moja. Mama yangu alipofariki yule ndiye alikuwa jikoni siku zote za msiba, anakoroga ugali wa watu mia na hamsini huku machozi yanamtoka kwa moshi na kwa uchungu, mi nalala yeye anaosha masufuria. Nayaeleza haya ili mjue kwamba aliponiomba nimdhamini sikuwa na cha kufikiria, ningemkataliaje mtu wa namna hiyo?

Alikuwa anakopa milioni 2 za kuongezea mtaji wa mchele. Ni hii mikopo tunayoiita kausha damu, marejesho kila wiki, ukichelewa siku moja faini, ukichelewa mbili afisa mikopo anakuja kukaa mlangoni kwako mpaka majirani wajue. Ndiyo, najua kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na kwamba anayekopesha anatakiwa awe na leseni, lakini mtu akiwa na shida haulizi leseni, anauliza hela inatoka lini. Nikaweka sahihi, nikaandika orodha ya vitu vyangu vya ndani kwa mkono wangu mwenyewe, friji, sofa, tivii, cherehani. Nakumbuka kabisa nilipofika kwenye cherehani kalamu ilisita kidogo alafu nikaandika.

Akarejesha wiki saba. Wiki ya nane simu haipatikani. Nikaenda kwake nikakuta chumba kimefungwa kwa kufuli la mwenye nyumba, jirani yake akaniambia walihama usiku na kirikuu, yeye na watoto, hakuaga mtu. Nilirudi kwa miguu kutoka kule mpaka nyumbani na sikumbuki nilipita njia gani.

Walikuja Novemba, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Vijana watatu na pikapu, na mjumbe wetu kasimama pembeni anaangalia chini kwa aibu maana ni mtu ananifahamu toka nimehamia. Deni lililobaki pamoja na faini wakasema ni milioni moja na laki sita na nusu, unayo? Sina. Basi wakaanza kutoa. Friji likapita, sofa zikapita, tivii, na watoto wa mtaa wote wamejaa wanatazama kama kuna harusi. Nililia pale walipoishika cherehani. Ile cherehani ya kukanyaga aliniachia mama, ndiyo aliyonisomeshea, kichwa cheusi, maandishi yake ya dhahabu yamefutika yote upande wa kulia pale mkono wa mama ulipokuwa unapita. Kijana mmoja alibeba kichwa mwingine akabeba miguu, na mkanda ukawa unaning'inia unaburuzika chini mpaka kwenye gari. Niliwaomba waniachie hiyo wachukue hata kitanda, wakasema mama kitanda hakimo kwenye orodha.

Pale dukani nilikuwa napanga tu sehemu ya meza ya kukatia, kazi ya kushona nilikuwa naifanya nyumbani, sebuleni, karibu na dirisha. Ilikuwepo hapo miaka mingi mpaka miguu ikaacha alama nne kwenye sakafu ya saruji. Cherehani ikaondoka alama zikabaki. Nimezipiga deki, nimezisugua kwa sabuni na brashi, hazitoki.

Sasa mafundi wenzangu mtanielewa, Novemba mpaka Januari ndio msimu wetu, sare za shule. Nilikuwa nimeshakata vitambaa vya watoto ishirini na mbili, mashati na sketi, hela ya kutangulizia nimeshakula, na cherehani hakuna. Nikawa naenda kukodi kwa fundi mwenzangu usiku baada ya yeye kufunga, naanza saa mbili usiku mpaka saa nane tisa, binti yangu ananisubiri na tochi ya simu tunarudi wote. Vifungo na mapindo nilikuwa namalizia kwa mkono mchana. Vidole vilikuwa vimetoboka mpaka nikawa naogopa kuchafua mashati meupe kwa damu.

Katika hali hiyo ndio walianza kuja ndugu zangu wa kanisani. Wiki ya kwanza tu, mhariri, wiki ya kwanza. Mama samehe. Mama achilia. Mama ukishikilia unazuia baraka zako mwenyewe. Mmoja akaniambia tena nisilisemeseme jambo hili nje, tusimtie Mungu aibu, watu wa mataifa watasemaje wakisikia wanakwaya wanadhulumiana. Na mwingine akaniuliza swali ambalo mpaka leo likinijia nanyamaza kwanza, eti una uhakika umeokoka wewe, mbona moyo mgumu hivyo. Hakuna aliyeniuliza umekula nini leo. Ninyi mnaowahi kumwambia mtu samehe, hebu jiulizeni mnamwambia kwa ajili yake au mnataka tu anyamaze ili ibada iendelee vizuri.

Ila alikuwepo mmoja, bibi wa makamo ya mama yangu, mjane, hana kitu. Huyu alikuja jioni, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye mkeka kwa kuwa sofa hazipo, akaomba sindano. Akashona vifungo. Akaja kesho yake tena akashona, na kesho kutwa, jioni tatu. Macho yake hayaoni vizuri kwa hiyo mi nilikuwa namtungia uzi yeye anashona. Hakutaja kusamehe hata mara moja, alikuwa anaimba tenzi kwa sauti ya chini na akimaliza shati analikunja analiweka. Siku ya tatu akiondoka akasema tu, "Mwanangu, Mungu hana haraka na wewe." Nimeyaweka maneno hayo moyoni mpaka leo.

Naomba niseme ukweli wangu wote, maana nisipousema barua hii haitakuwa na maana. Nilimchukia yule mdogo wangu. Nilikuwa naamka saa tisa usiku kuomba na nilichokuwa naomba ni moto ushuke juu yake, wala sikuona vibaya, nilijiambia ni maombi. Nilitaka biashara yake ife popote alipo, nilitaka na yeye atolewe vitu watoto wanaangalia. Nikisikia mtu ana jina kama lake mwili unanisisimka. Presha ikapanda nikaanzishiwa dawa, na hapa naomba nisieleweke vibaya, sisemi msamaha ni dawa ya presha, vidonge nameza mpaka leo ninapoandika.

Nyumbani kwetu tunasali jioni mimi na wanangu wawili, tunamaliza na Baba Yetu. Nikawa nikifika pale pa utusamehe makosa yetu kama sisi tunavyowasamehe waliotukosea, nanyamaza. Watoto wanasema, mi nasubiri, alafu naungana nao kwenye usitutie majaribuni. Nilidhani hawajanigundua. Siku moja binti yangu, alikuwa kidato cha pili, akaniuliza tukiwa tunaosha vyombo, "Mama mbona pale unaruka?" Nikamwambia naona koo linanikauka. Hakuuliza tena ila tangu siku hiyo yeye nae akawa anapasema polepole, kama ananisubiri.

Nilikuwa nimeacha na Meza ya Bwana. Sikuona nitakunywaje kikombe kile na moto ninaouomba usiku. Nilijificha kwenye ule mstari wa ukileta sadaka yako madhabahuni, Mathayo 5, kwamba sharti kwanza upatane na ndugu yako, na ndugu yangu kakimbia, basi sina la kufanya. Nilipousoma vizuri nikaona unasema ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako. Huo ni mstari wa aliyekosa, yaani wa yule mwenzangu. Wangu uko Marko 11:25, "kila msimamapo na kusali, sameheni, mkiwa na neno juu ya mtu". Nimesimama, nasali, nina neno juu ya mtu. Hapo sikuwa na pa kujificha tena.

Kuna kitu kingine nilikiona wakati huo. Kanisani tumezoea kusema makosa, utusamehe makosa yetu, lakini nilipofungua Biblia yangu hii ya siku zote Mathayo 6:12 imeandikwa "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu". Deni. Wadeni. Nilisoma sentensi hiyo nimekaa pale pale penye alama nne na nikaona kama imeandikwa kwa ajili ya nyumba yangu. Mtu anaweza kukuambia makosa ni kitu cha moyoni, kinafutika, lakini deni lina tarakimu, langu lilikuwa na faini juu yake.

Ndipo nikaenda Mathayo 18, ile habari ya mtumwa aliyesamehewa na mfalme talanta elfu kumi alafu akamkaba mwenzake kwa dinari mia. Nimeisikia toka Sunday school na kila mara inahubiriwa kama vile dinari mia ni hela ya chumvi. Si kweli. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Nikapiga hesabu zangu za kifundi, tuseme kibarua wa huku kwetu analipwa elfu 10 kwa siku, dinari mia ni milioni 1. Milioni moja, mhariri! Hiyo ni hela inayoumiza mtu, ni mtaji, ni ada, ni cherehani mbili. Yesu hakusema yule mtumwa hakudhulumiwa kitu. Alafu nikapiga upande wa pili, talanta moja ni kama dinari elfu sita, mara elfu kumi inakuja dinari milioni 60, kwa ujira ule ule ni bilioni 600, yule mtumwa angefanya kazi siku 300 kila mwaka kwa miaka laki mbili ndio amalize. Niliandika namba hizo kwa chaki yangu ya kukatia juu ya meza, moja huku na nyingine huku, nikazitazama siku nzima wateja wakija wananiuliza fundi ni vipimo vya nani hivyo.

Hesabu hiyo ilinisaidia zaidi ya mahubiri yote, kwa kuwa kwa mara ya kwanza nilisikia Mungu ananiambia najua ni milioni moja, najua imekuuma. Kumbe siku zote nilichokuwa nakikataa ni kuambiwa haikuuma.

Na jirani yangu nae, mama Mwislamu, mtu wa Tanga, tunachota maji bomba moja. Huyu alinikuta siku moja nalalamika akasema kwao wana aya kwenye Sura ya Al-Baqara, ya 280, kwamba mdaiwa akiwa kwenye dhiki apewe muda mpaka afarijike, na ukimwachia ikawa sadaka ni bora kwako. Akanisimulia na habari ya Abu Bakr, kwamba alikuwa na ndugu yake masikini aliyekuwa anamtunza, jina lake Mistah, na huyo huyo aliyekula mkono wake akawa mmoja wa waliomzushia uongo binti yake Aisha. Abu Bakr akaapa hampi kitu tena. Ndipo ikashuka aya ya Sura ya An-Nur inayouliza, je nyinyi hampendi Mwenyezi Mungu awasamehe? Na Abu Bakr akarudisha msaada wake. Jirani akamaliza kwa kusema, fundi ona hata Abu Bakr alikasirika kwanza. Nilimshukuru sana maana hakunisukuma, alinisimulia tu huku ndoo inajaa.

Mwaka 2023 tarehe 13 Agosti iliangukia Jumapili. Kwetu Wamoravian tarehe hiyo ni kubwa na mchungaji alieleza asili yake kwa kirefu. Kule Herrnhut Ujerumani walikuwepo wakimbizi wa imani waliotoka Moravia na Bohemia, wakapewa hifadhi kwenye ardhi ya bwana mmoja tajiri, Zinzendorf, kuanzia mwaka 1722. Mimi nilikuwa nadhani walikuwa malaika. Kumbe walifika pale wakaanza kugombana, wanagombania namna ya kuabudu, wanagombania uongozi, wanasemana, miaka ikapita hivyo. Mwezi wa 5 mwaka 1727 ndio wakakaa wakaandika makubaliano ya namna ya kuishi pamoja wakaweka sahihi, na baada ya hapo wakaanza kutembeleana, kuongea, kuombana radhi. Agosti 13 wakashiriki Meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Berthelsdorf na huko Roho akawashukia wakatoka wakipendana. Watu husimulia hiyo siku ya Agosti tu. Mimi nilishika ile miezi mitatu ya katikati. Watu wameshaweka sahihi na bado wanatembea nyumba kwa nyumba kusemezana! Nikajiambia basi na mimi acha nianze miezi yangu.

Jioni ile ile tulipofika pale pagumu nikasema kwa moyo, Bwana mimi sitaki kumsamehe, ila nataka unipe kutaka. Hiyo tu. Kesho yake hivyo hivyo. Baada ya wiki kadhaa nikaweza kutaja jina lake bila kuongeza tusi. Kuna siku nikarudi nyuma kabisa, nilipita mahali nikaona cherehani inafanana na ya mama nikalia barabarani, jioni nikaomba moto tena. Asubuhi nikatubu nikaanza upya. Ukisoma habari ya Yusufu kwenye Mwanzo utaona nae hakuwakumbatia ndugu zake siku ya kwanza, alisema nao kwa mkalimani wasimjue, akageuka pembeni akalia, akamfunga Simeoni, akawarudisha kwao na gunia za chakula, mpaka sura ya 45 ndio analia kwa sauti mbele yao. Na huyu alikuwa na Mungu toka utoto. Sasa mimi fundi wa Mwanjelwa ndio nimalize kwa siku moja?

Nguvu ilikuja kidogo kidogo, siwezi kutaja tarehe. Nakumbuka tu jioni moja ya Desemba tumemaliza kusali binti yangu ananitazama anatabasamu na mi sielewi kwa nini, nikaja kushtuka kitandani kwamba nimeisema Baba Yetu yote bila kusimama. Jumapili iliyofuata ya Meza ya Bwana nilikwenda. Yule bibi wa vifungo alikuwa benchi la mbele yangu, aligeuka akanitazama akarudi kutazama madhabahuni.

Machi 2024 nilienda Tunduma kuchukua vitenge, huwa tunaenda watatu watatu tunachangia nauli ya mzigo. Nikiwa natafuta kitu cha kula karibu na stendi nikamwona. Anakaanga mihogo. Kavaa kitenge cha sare ya kwaya yetu, kimepauka mpaka maua hayaonekani, ndicho nilichokijua kabla ya kuuona uso. Nilikuwa na maneno yangu niliyoyatayarisha mwaka mzima, makali, yamepangwa vizuri, nikasimama pale hayakuja. Aliinua macho, kijiko cha matundu kikabaki hewani, alafu akasema kwa sauti ndogo sana, "Shikamoo dada."

Nikaitikia marahaba. Nikavuta ndoo iliyopinduliwa nikakaa. Akaanza, dada sina hata uso wa kukutazama, mi nilikuwa, nikamkatisha nikamwambia usinieleze leo, ukinieleza leo nitaanza kupima kama sababu yako inatosha. Nimeshakusamehe kabla sijakuona. Alipiga magoti pale pale kwenye matope, mteja mmoja akabaki na sahani yake mkononi hajui afanye nini, na ile mihogo ikaungua yote kwenye karai tukaitazama tu. Tulishikana mikono. Mikono yake ilikuwa na makovu ya mafuta ya moto.

Baadae nilimwambia na hili, na hapa najua wasomaji wengine hatutakubaliana. Nilimwambia deni lipo. Nimekusamehe ila cherehani ya mama sikukupa zawadi, utalipa kidogo kidogo kadiri Mungu atakavyokujalia, hata elfu mbili, sikupangii tarehe wala sikuwekei faini. Na sitakudhamini tena, wala mtu mwingine. Akasema ni haki yako dada. Sababu zake nilikuja kuelezwa siku nyingine kwa simu, nimezisikia, na si zangu za kuandika gazetini.

Kuna walioniambia huo sio msamaha, aliyesamehe anafuta yote. Nimelifikiri sana. Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981, siku nne tu baadae akiwa bado hospitali akatangaza kwamba amemsamehe ndugu aliyempiga, na Desemba 1983 akamfuata gerezani kule Roma wakakaa viti viwili wanaongea kama watu wanaofahamiana. Yule mtu aliendelea kukaa gerezani, Italia ilikuja kumsamehe kisheria mwaka 2000. Papa alitoa kilichokuwa chake akaiachia serikali ya kwao. Sijilinganishi nae hata kidogo, na wala yeye hakuwa anadai cherehani. Ninachojua ni kwamba sisikii tena uchungu nikimtaja mdogo wangu, namwombea watoto wake kwa majina, nikiwa na sare zilizobaki vipande navishona namtumia kwa gari la Tunduma, na kiasi anachodaiwa kimeandikwa kwenye daftari. Usiku mwingine mfalme wa Mathayo 18 ananijia, aliyefuta zote, na najiuliza kama Mungu ananisubiri niichane na ile karatasi ya daftari. Sijafika hapo. Namwomba kama nilivyomwomba mwanzo, nipe kutaka.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeandika barua ile, kama wewe ulisamehe kwa siku moja nakushangilia kwa moyo wote, ni neema umepewa. Lakini usituambie sisi wengine hatuna imani. Imani ndiyo ilinifanya nisimame pale pa Baba Yetu kila jioni na kushindwa, ningekuwa sina imani ningeacha kusali nikalala. Na wachungaji wetu na wazee wa kanisa nawaomba kwa heshima zote, mtu akidhulumiwa na mwenzake wa benchi moja, mwiteni aliyekosa pia, msimbebeshe aliyeumizwa mizigo miwili. Mkishindwa hayo nendeni mkashone vifungo.

Nimeandika ndefu, nisamehe mhariri. Toka Machi mwaka ule ameshalipa laki moja na arobaini na moja elfu. Juzi ameingiza elfu saba kwenye simu, binti yangu ndiye aliyeipokea meseji, akaenda kuitoa kwa wakala akaja nayo, akaniuliza aiweke wapi. Nikamwambia weka kwenye kopo la vifungo, pamoja na zile nyingine, na usisahau kuandika kwenye daftari.

Ni mimi,
Fundi cherehani,
Mwanjelwa, Mbeya.